Maganda ya Mayai kwa Mzee Mwongera

Darasa la saba lilicheka mpaka mtoto mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Mwalimu Misheck alikuwa ameandika ubaoni msemo wa Kiingereza, kisha akawafasiria: kutembea juu ya maganda ya mayai.

"Mwalimu, ni nani aliyemwaga maganda njiani?"

"Hakuna aliyemwaga. Ni msemo tu."

"Na huyo anayetembea hana viatu?"

"Hata akiwa navyo."

"Basi anaogopa nini? Ganda la yai haliwezi kutoboa kiatu!"

"Haogopi kutobolewa," Misheck akasema. "Anaogopa kelele. Mzee mkali amelala, na wewe lazima upite karibu na kitanda chake, na sakafu yote imejaa maganda. Utakanyaga vipi?"

 Watatu au wanne walianza kujaribu chini ya meza, wakishusha vidole polepole kama kuku anayevuka tope.

"Hivyo hivyo! Sasa weka maneno mahali pa miguu. Kuna mtu ambaye ukisema naye, kila neno unalipima kabla ya kuliweka chini, lisije likalia kra! Hiyo ndiyo maana yake. Nani atanipa mfano?"

Msichana mmoja wa nyuma, Beth, ambaye kila mwalimu wa shule ile alikuwa amekwisha kumwombea dua njema na mbaya, akainua mkono.

"Mfano ni mwalimu akienda kwa Mzee Mwongera."

Darasa likafa kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe akageukia ubao akafuta kitu ambacho hakikuhitaji kufutwa.

"Na mwalimu," Beth aliendelea, maana huyo hakujua kituo, "hayo mayai yenyewe yalikwenda wapi? Nani aliyakula?"

"Kaa chini, Beth."

Katika kijiji kile hakukuwa na siri. Ilikuwa miaka ya Emajensi, hali ya hatari ya wakoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni, na serikali ilikuwa imewatoa watu kwenye miteremko yao ya milima ya Meru, kila mtu na shamba lake na upepo wake, ikawapanga kwenye vibanda vilivyosimama mistari mistari kama mahindi. Kuzunguka kijiji kulikuwa na handaki, na handaki lilikuwa na lango moja tu. Ukipiga chafya nyumbani kwako, ulipewa pole na jirani wa nyumba ya tatu. Kwa hiyo kosa la Mwalimu Misheck lilijulikana na kila mtu, pamoja na mbuzi.

Lilikuwa hivi. Mzee Mwongera alikuwa na mizinga ukingoni mwa msitu. Msitu ulikuwa umefungwa. Mtu akionekana huko alipigwa risasi kwanza, akaulizwa jina baadaye. Mwongera peke yake ndiye aliyekuwa na kibali cha kwenda kutazama mizinga yake, akisindikizwa na askari. Kwa hiyo asali yote ya kijiji ilikuwa yake, na pombe yote ya asali ilikuwa yake, na pombe hiyo ilikuwa mbaya kupita maelezo. Ilikuwa na ladha ya moshi, nta, na kitu cha tatu ambacho hakuna aliyetaka kukijua. Lakini Mwongera alikuwa mzee wa baraza, mtu mkubwa kwa umbo na kwa heshima. Wazee walikunywa, wakapangusa midomo, wakasema, "Mkono wako haujapotea, Mwongera!" Kisha walitoka nje mmoja mmoja kama wanaokwenda haja, wakamwaga kilichobaki nyuma ya nyumba. Mgomba uliokuwa hapo ulikauka.

Siku Mwongera alipomaliza kuezeka nyumba yake mpya, aliwaalika watu, na Misheck akapewa pembe ya pombe. Misheck alikuwa na sifa moja ambayo yeye mwenyewe aliiita ukweli na mama yake aliiita ugonjwa. Alipiga funda moja, akameza kwa shida, akasema mbele ya wote:

"Mzee, hii si pombe. Haya ni maji ya kuoshea mzinga. Tena mzinga uliolaliwa na panya."

Hakuna aliyecheka, ingawa wote walitaka. Mwongera alisimama, akanyoosha mkono, akaichukua ile pembe kutoka mkononi mwa kijana.  Kwa watu wa huko, kunyang'anywa pembe mkononi ni kufukuzwa bila kuambiwa nenda. Misheck akatoka.

Na nyumba ile ile, wakati ule ule, ilikuwa na Karwirwa, binti wa kwanza wa Mwongera, msaidizi wa dawa katika zahanati ya misheni. Misheck alikuwa amekwisha kumpenda mpaka akawa anaugua magonjwa ambayo hayamo kwenye vitabu, apate sababu ya kwenda kumwona.

Siku ya pili yake alikwenda zahanati na kichwa kinamuuma, mara hii kweli.

"Pole," Karwirwa akamwambia, akihesabu vidonge bila kumtazama. "Nasikia umeoa mdomo wako. Sasa ulale nao."

"Karwirwa, nilisema uongo?"

"Hukusema uongo. Uongo ungekuwa nafuu." Akaweka chupa chini. "Unajua kwa nini ile pombe imeharibika? Baba haoni vizuri siku hizi. Kukamua na kuchuja ilikuwa kazi ya kaka yangu Runji. Yeye ndiye aliyekuwa anatoa nta na nyuki wafu, yeye ndiye aliyeosha vibuyu. Runji amefungwa kambini Manyani, mwaka wa pili huu. Baba hataki mtu mwingine ashike chujio la Runji. Limetundikwa ukutani pale pale alipoliacha. Sote tunajua pombe ni mbaya. Mama anajua. Mgomba unajua. Wewe ukafikiri ni wewe tu mwenye ulimi?"

Misheck alitoka pale bila vidonge. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitembea kutoka zahanati mpaka shuleni bila kumsemesha mtu.

Baada ya miezi kadhaa, alipoona ugonjwa wake hauponi, alikwenda kwa baba yake mdogo, Mzee Murithi. Murithi alikuwa ndiye mdomo wa ukoo. Huko kijana hajiposei mwenyewe. Hutafutiwa mtu mwenye maneno laini akamsemee, naye hukaa karibu na mlango, kimya, kama mzigo ulioletwa na wengine. Murithi alikuwa na maneno laini hivi kwamba, walisema, aliwahi kumwomba mtu deni la mbuzi, na mdaiwa akaongeza kondoo kwa kushukuru.

"Kwa Mwongera?" Murithi akasema. "Mwanangu, hakuna nyumba nyingine yenye msichana?"

"Hakuna."

"Hata ng'ambo ya mto?"

"Baba, hakuna."

Murithi akapumua. "Haya. Lakini tutaposa na nini? Bila pombe ya asali hakuna posa. Na asali ya kijiji hiki yote ni yake. Tununue asali kwake, tumpelekee yeye?"

Hapo ndipo alipoingia Keinan. Keinan alikuwa mfanyabiashara Msomali aliyekuwa na duka Meru mjini na lori lililokuwa likishuka Embu mpaka Siakago kuchukua ngozi na nafaka. Huko chini kwa Wambeere kuna joto na maua ya migunga, na asali yake ni kama dhahabu iliyoyeyuka.

"Asali naleta," Keinan akasema, akipanga ngozi juu ya lori. "Asali ni dawa, hata Kitabu kimesema. Lakini mwalimu, ikishakuwa pombe, mimi na yeye hatujuani. Usije ukaniambia njoo uonje."

"Na kwenye vizuizi vya barabarani?"

"Kizuizini wanauliza pasi ya mtu. Asali haina pasi, haina ukoo, haikula kiapo. Itapita kwa urahisi kuliko wewe."

Na ikapita. Madebe mawili yalifika yakiwa yamefunikwa na ngozi za mbuzi, yakinuka mbuzi nje na mbingu ndani. Murithi akaichachua mwenyewe kwa matunda ya mwatine, akaichuja kwa kitambaa cheupe, akaichuja tena. Kikabaki kibali. Zaidi ya watu watano kukutana bila ruhusa lilikuwa kosa, na kutengeneza pombe bila ruhusa kosa la pili. Murithi alikwenda boma kwa Bwana D.O., ofisa Mzungu wa wilaya, akazungumza naye habari za mvua, za farasi wake, na za mama yake aliyekuwa Uingereza, na akarudi na karatasi: watu kumi, Jumamosi moja, mchana tu. Kengele ya jioni ikilia, kila mtu awe kwake. Wasipomaliza siku hiyo, hakuna ajuaye kibali kingine kingetoka lini, wala kama kingetoka.

"Sasa nisikilize," Murithi alimwambia kijana asubuhi ya Jumamosi. "Leo huna mdomo. Mdomo wako ni mimi. Ukiulizwa hujambo, nitajibu mimi."

"Na nikitafuna miraa kidogo, nipitishe wakati?"

"Miraa! Miraa humsemesha hata bubu, sembuse wewe! Hapana."

Kwa Mwongera walipokewa kwa heshima baridi. Mama Ntinyari, mkewe, aliwaonyesha viti. Wazee wa upande wa nyumba walikaa ukutani, na juu ya vichwa vyao, kwenye msumari, lilitundikwa chujio la zamani la nyuzi za katani, likiwa na vumbi. Misheck akaketi mlangoni, magoti pamoja.

Murithi akaanza. Aliuliza habari za mvua. Aliuliza habari za ng'ombe, kwa majina. Alisifu paa. Alizungumza juu ya paa hilo mpaka Misheck, aliyekuwa akitazama kivuli cha mlango kikirefuka sakafuni, akahisi maneno yakimjaa kooni kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni. Yeye angesema, *Namtaka binti yako*, na wangekuwa wamekwisha kwenda kula.

"Sababu ya kuja kwetu," Murithi akasema hatimaye, na Misheck akashtuka kwa furaha, "ni nyuki."

"Nyuki," Mwongera akasema.

"Tuna nyuki wetu mmoja. Kila asubuhi anaruka kuelekea paa hili zuri. Kila jioni anarudi mtupu, hali, halali. Tukasema, kule kuna ua. Twende tuwaulize wenyewe, je, ua hilo lina mwenyewe?"

Wazee wakatikisa vichwa kwa raha. Hayo ndiyo maneno!

Mwongera akakuna kidevu. "Labda nyuki huyo hafuati ua. Labda anafuata maji. Nasikia hapa kwangu kuna maji mengi ya kuoshea mizinga."

Kra! Misheck alisikia ganda likivunjika, tena ndani ya sikio lake. Mzee mmoja alikohoa. Murithi, mtu aliyelainisha hata Wazungu, akapapasa maneno akakosa, akarudi kwenye mvua. Nje kivuli kiligusa kizingiti. Mlinzi wa lango alisikika akiijaribu rimu ya gari iliyotundikwa kwenye nguzo, ile iliyokuwa kengele yao.

"Tuionje kwanza pombe yenu," Mwongera akakata mvua katikati.

Pembe ikajazwa. Kuonja si kukubali, kila mtu alijua hilo. Baba huonja tu, apime. Kukubali ni pale binti mwenyewe anapoitwa, akanywa funda la kwanza, akampa baba yake pembe. Mwongera akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena. Nyumba nzima iliona kitu kikipita usoni mwake, kitu cha mtu aliyekutana na rafiki wa zamani njiani.

Akaweka pembe gotini.

"Ni nzuri," akasema. "Sasa nina swali. Ipi bora, hii au yangu?"

"Mzee," Murithi akaanza haraka, "kwa kweli asali ya nchi ya joto na asali ya nchi ya baridi..."

"Sikukuuliza wewe, Murithi. Pembe ilimtoka yeye mkononi. Namuuliza yeye."

 Misheck alitazama nyuso. Akisema *hii*, amemtukana mzee mara ya pili, na safari hii ndani ya nyumba yake. Akisema *yako*, amedanganya, na wote watajua kuwa amedanganya, na Mwongera angejua wa kwanza. Kwenye pazia la chumba cha ndani aliona jicho moja la Karwirwa na ncha ya leso aliyokuwa akiitafuna. Kisha akaliona chujio ukutani.

Akashusha kidole cha kwanza, polepole.

"Mzee, pombe hii imekuja kuomba. Anayekuja kuomba hunawa uso, akapaka mafuta, akajipamba ili apendwe. Yako haijawahi kwenda kuomba kwa mtu. Imekaa nyumbani kwake. Mwenye nyumba hajipambi kwa ajili ya mgeni. Nitazilinganishaje?"

Mzee mmoja akatoa sauti kama ya birika linaloanza kuchemka. Mwongera hakutabasamu.

"Kwa hiyo yangu haijanawa uso?"

Murithi akafunika macho. Lakini Misheck alikuwa amekwisha kuivuka nusu ya sakafu. Kurudi nako kulikuwa na maganda yale yale.

"Mzee, aliyekuwa akiinawisha hayupo. Na mahali pake hapakaliwi na mtu, hata mimi siwezi." Akanyoosha kidole kwenye msumari. "Lakini vumbi la lile chujio mtoto wa nyumba anaweza kulipangusa, ili mwenyewe akirudi alikute safi. Nami siku ile sikuwa mtoto wa nyumba. Nilisema kama mpita njia."

 Kisha nyuma ya pazia Mama Ntinyari akacheka, kicheko kilichochanganyika na kamasi na machozi, akasema kwa sauti, "Mwongera, umesikia? Mwaka mzima nakwambia unipe hilo chujio nilioshe!"

Na mzee Mwongera akacheka. Alikuwa na mwili mkubwa, na kicheko kilianzia chini kikachukua muda kufika juu, lakini kilipofika viti vilitikisika.

"Niwaambieni kitu," akasema, akipangusa macho kwa kiganja cha mkono. "Ninyi wazee wenzangu. Mkono wako haujapotea, Mwongera! Mnadhani sikuuona mgomba wangu? Sioni vizuri, lakini mgomba mzima!"

Wazee wakatazama vidole vya miguu yao.

"Huyu peke yake aliniambia. Mwalimu, ukweli wako ulikuwa chakula kizuri. Sahani ndiyo ilikuwa chafu. Leo umeiosha."

Ng'aa! Rimu ililia langoni. Hiyo ilikuwa kengele ya kwanza, ya kuwaambia watu waanze kwenda. Wazee wakaruka. Ng'aa!

"Binti! Mleteni binti!" Murithi akapiga kelele, ulaini wote umemwishia.

Karwirwa akaletwa. Desturi ni kwamba msichana ainamishe kichwa, aulizwe, asijibu, aulizwe tena, ageukie ukuta, aulizwe na shangazi, alie kidogo, na mwishowe anywe kama anayeonja dawa. Ni jambo zuri, nalo huweza kuchukua alasiri nzima.

"Mwanangu," Mama Ntinyari akasema, akimpa pembe, "pombe hii tuinywe, au tuwarudishie wenyewe?"

Karwirwa akanywa. Si funda, alikunywa vizuri. Akampa baba yake pembe.

"Kunywa, baba. Mwalimu nimemkubali. Kengele inalia."

Midomo ikabaki wazi nyumba nzima.

"Ee!" Mwongera akasema, akimtazama mkwe wake kisha binti yake. "Na huyu naye amefundishwa na nani?" Lakini pembe ilikuwa tayari mdomoni.

Wakanywa kwa zamu, haraka, wamesimama, huku Murithi akitamka baraka za ukoo kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na mbwa. Kisha wazee wa heshima wakatoka mbio kwenye mistari ya vibanda, wameshika kofia na fimbo, wakicheka kama wavulana walioiba miwa. Hata mlinzi wa lango aliichelewesha rimu yake kidogo, akawangoja wafike. Misheck alitoka wa mwisho. Mwongera alimshika bega mlangoni, akampa kitu. Lilikuwa lile chujio.

Jumatatu asubuhi darasa la saba lilisimama kwa adabu isiyo ya kawaida. Habari zilikuwa zimekwisha kufika. Zilikuwa zimefika tangu Jumamosi, kabla mwalimu hajafika kwake.

"Kaeni chini. Nani anakumbuka msemo wetu?"

Mkono wa nyuma ukainuka.

"Nakumbuka, mwalimu," Beth akasema. "Lakini hukunijibu. Hayo mayai yenyewe, nani aliyakula?"

Misheck akaiweka chaki chini.

"Mimi," akasema. "Na maganda nikayamwaga mwenyewe."